Bibi anakuja Dar, tumpeleke wapi na mjukuu wake?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mama yangu mzazi anakuja Dar kwa mara ya kwanza toka Kongwa, ana miaka 71, presha na magoti vinamsumbua ila bado anatembea mwenyewe. Atafikia kwangu Kimara likizo hii ya Desemba, na mwanangu wa miaka 9 ameshaanza kumpangia bibi yake matembezi. Mi na baba yake tumeandika ratiba: siku ya kwanza Makumbusho ya Taifa na Kariakoo, ya pili kisiwa cha Mbudya, ya tatu Zanzibar kwenda na kurudi, ya nne Bagamoyo tukirudi tunapita Mlimani City. Mama mwenyewe ukimuuliza anasema anataka kuona bahari na kupanda pantoni, basi. Naona aibu mtu katoka mbali hivyo halafu nimpandishe pantoni tu. Nishauri.
Mama wa Kimara

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo ratiba yako nimeisoma mpaka magoti yangu yakaanza kuuma. Mtu kashasema anachotaka, bahari na pantoni, sasa aibu inatoka wapi? Hiyo ndo safari yenyewe, hayo mengine ni ya kwako na baba watoto.

Tuanze na anavyokuja. Najua mabasi yanapita Kibaigwa na yanaishia Mbezi, mnaona ni rahisi kwa sababu Mbezi na Kimara ni pua na mdomo, lakini mzee wa magoti akikaa basi lote hilo kakunja miguu akishuka hapo hatembei siku mbili. Kama kuna mtu wa kumfikisha Dodoma mjini mkatieni SGR, treni hiyo imeanza kubeba abiria Dar hadi Dodoma toka Julai 2024, haimalizi hata masaa matano, na kikubwa kuliko yote ina choo na mtu anaweza kusimama akajinyoosha. Wazee wengi wa dawa za presha wanaenda haja kila mara, na kwenye basi wanaacha kunywa maji makusudi ili wasisumbue watu. Usimruhusu, na dawa asiache hata siku moja eti kwa sababu yuko safarini. Mjukuu aende kumpokea stesheni, atakuwa keshaona treni na bibi kwa mkupuo mmoja.

Sasa Desemba. Joto la Kongwa ni kavu, la kwetu linanata, mtu analowa akiwa amekaa tu. Kwa hiyo sehemu moja kwa siku, mtoke asubuhi, saa sita mko nyumbani au mmekaa kivulini, alale, mkitaka kutoka tena iwe saa kumi na nusu. Siku ya kwanza asiende popote, akae barazani aulizwe habari za nyumbani.

Siku ya pantoni pandeni mwendokasi Kimara hadi Kivukoni, mtoto atafurahi na bibi ataona mji wote wa Morogoro Road kupitia dirishani, Ubungo kwenye daraja la Kijazi, Magomeni, Jangwani, hadi mjini. Ila usiende saa moja asubuhi na watu wa kazini, mtabanwa mpaka mshindwe kumshika mkono, subiri saa tatu na nusu hivi watu wamepungua. Na ikiwa imenyesha kubwa usiku achaneni nayo, Jangwani ikijaa maji huduma inasimama mnabaki njiani.

Mkishuka Kivukoni pantoni iko hapohapo. Nauli ya mtembea kwa miguu ni 200, andaa kadi ya N-Card mapema usianze kupekua pochi getini. Halafu sikiliza hapa vizuri. Geti likifunguliwa watu wanakimbia, sijui wanakimbilia nini maana pantoni haiondoki bila wao, pikipiki, baiskeli za vitunguu, wamama na ndoo, wote kwa pamoja. Nyie kaeni pembeni kabisa, umati upite wote, muingie wa mwisho. Muweke mama ubavuni karibu na kizuizi ashike chuma, mtoto akae kati yenu. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache tu, lakini ataona meli kubwa zinaingia bandarini, ataona mji kwa upande wa maji, na mapaa mekundu ya kanisa la Azania Front, ambalo Wajerumani walianza kulijenga mwishoni mwa miaka ya 1800.

Upande wa Kigamboni chukueni bajaji hadi fukwe za Mikadi, sio mbali. Muulize mtu maji yanajaa au yanapwa, yakiwa yanajaa asisogee sana. Muache avue viatu, aonje maji kama anataka, watu wa bara wengi wanataka kuhakikisha ile chumvi, na akisema anataka kubeba kwenye chupa apeleke nyumbani usimcheke, mbebee chupa. Soko la samaki la Feri mnaweza kupita wakati wa kurudi ila sakafu ile ina maji na magamba, kandambili zinateleza vibaya, avae raba za mjukuu kama zinamtosha, na msiingie ndani kule kwenye mnada, simameni pale wanapokaanga.

Ukitaka kuongeza siku ya pili chagua Kijiji cha Makumbusho kule barabara ya Bagamoyo, sio ile ya mjini. Kuna nyumba za makabila mbalimbali zimejengwa zenyewe kabisa, kuna msonge wa Wahaya, kuna tembe, ni wazi na kuna miti ya kukaa chini yake. Huyo mama kakulia kwenye tembe, atamwonyesha mtoto jiko linakaa wapi na kwa nini mlango ni mfupi, na we kaa pembeni kabisa usijifanye unajua.

Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert ni pazuri, mtoto ataona magari ya Mwalimu Nyerere na habari za fuvu la Zinjanthropus alilolipata Mary Leakey kule Olduvai 1959. Akianza kuuliza dinosaria mwambie ukweli, lile kubwa la Tendaguru kule Lindi Wajerumani walilichimba kati ya 1909 na 1913 likaenda Berlin, na mpaka leo liko huko. Lakini mafuvu na mifupa si kila mzee anapenda kuiangalia, muulize kwanza. Asipotaka baba ampeleke mtoto peke yake.

Mbudya futa. Boti ile unaipanda ukiwa umesimama ndani ya maji, magoti hayo hayawezi. Zanzibar kwenda na kurudi siku moja kwa mtu ambaye hajawahi kupanda hata mtumbwi ni kumtesa, boti ikiyumba atatapika hadi Unguja. Kariakoo akitaka kitenge aende na wewe asubuhi mapema duka moja unalolijua, mtoto abaki nyumbani, huwezi kulinda mkono wa bibi, mkono wa mtoto na pochi kwa wakati mmoja.

Na namba yako ya simu iandike kwenye karatasi mbili, moja mfukoni kwa mtoto, nyingine afunge kwenye pindo la khanga yake. Simu huisha chaji.

SWALI: Mimi ni bibi, niko kwa mwanangu Dodoma. Wananitembeza kutwa na wajukuu, nachoka lakini naona wamejitolea hela zao, nashindwa kusema. Nifanyeje?

JIBU: Shikamoo mama. Usiseme umechoka, sema unataka soda baridi mkae kwanza. Kila mkipita dukani. Wajukuu watakuunga mkono hata kabla hujamaliza sentensi.