Vidonge vya "bakteria wazuri": mfamasia anawajibu wasomaji

Jirani yangu kaniuzia chupa ya vidonge vya bakteria wazuri wa tumbo. Imeandikwa Lactobacillus rhamnosus tu. Anasema vilifanyiwa utafiti hapahapa Mwanza. Ni kweli? (Mama wa Igoma)

Utafiti ulifanyika kweli, mama, ila si wa chupa hiyo. Jina ulilolisoma ni kama jina la kabila: ndani yake mna koo nyingi, na kila ukoo una tabia yake. Waliochunguzwa Mwanza ni ukoo uitwao GR-1, uleule ambao akina mama wa kikundi cha Tukwamuane, Mabatini, walikuwa wakitengenezea mtindi. Mwaka 2010 na 2011 yalichapishwa matokeo ya wanawake 65 wanaoishi na VVU. Baadhi walipewa vidonge vya GR-1 vikichanganywa na ukoo mwingine, RC-14. Wenzao wakapewa vidonge vitupu, visivyo na bakteria. Baada ya wiki 25, CD4 (chembe za kinga ya mwili) za waliomeza bakteria hazikupanda kuwazidi wenzao. Waliokuwa tayari na tatizo la bakteria ukeni hawakupona vizuri zaidi kwa ajili ya vidonge, ingawa palikuwa na dalili kwamba huenda vinawakinga wale ambao bado hawajapata tatizo hilo.

Huo ni ukoo unaojulikana kwa jina na kwa dozi, na bado majibu yake yalikuwa ya kiasi. Chupa yako haikuandikwa ukoo wowote. Imeazima sifa za mwingine, na nguo ya kuazima haisitiri. Mimi nisingeinunua.

Lebo inasema bakteria bilioni 20. Si wakiwa wengi ndiyo bora? (Kijana wa Kirumba)

Uliza kwanza hesabu hiyo ni ya lini: siku vilipotengenezwa, au siku vitakapoisha muda? Mwaka 2001 wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, walikubaliana kuwa bakteria wa aina hii lazima wawe hai, watolewe kwa kiasi cha kutosha, na wamletee mtumiaji faida. Chupa iliyoshinda juani kwenye meza ya mnadani inaweza kuwa na bilioni zake zote zimekufa.

Mwanangu wa mwaka mmoja anaharisha. Nimpe hivyo vidonge? (Mama wa Sengerema)

Pole sana mama. Mpe ORS na zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na usiache kumnyonyesha. Mwaka 2018 majaribio mawili makubwa, moja la Marekani na lingine la Kanada, yaliwapa bakteria wa aina hii watoto waliofika hospitali wakiwa wanaharisha na kutapika. Hawakupona haraka kuliko waliopewa unga mtupu. Hela ya vidonge iweke akiba ya nauli, kwa sababu ukiona damu kwenye choo, macho yamebonyea, hataki kunyonya au anatapika kila kitu, ni kituo cha afya siku hiyohiyo, usisubiri kukuche.

Kaka yangu amelazwa mahututi, amewekewa mpira wa dawa shingoni. Shemeji anataka kumletea vidonge hivyo. Si ni vitu vya asili tu? (Msomaji wa Ukerewe)

Tafadhali mzuie, leo hii. Kwa mtu mzima mwenye afya bakteria hawa kwa kawaida huleta gesi kidogo tu. Kwa mgonjwa mahututi ni jambo jingine kabisa. Uholanzi, wagonjwa wenye uvimbe mkali wa kongosho walipewa mchanganyiko wa bakteria. Matokeo yaliyotoka mwaka 2008 yalionyesha walikufa 24 kati ya 152, na waliopewa unga mtupu walikufa 9 kati ya 144. Ipo pia hamira inayouzwa kama dawa ya kuharisha, Saccharomyces boulardii, ambayo imewahi kuingia kwenye damu za wagonjwa wenye mipira kama huo wa kaka yako. Watoto njiti nao wamo hatarini: mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu yao. Mwambie shemeji awaonyeshe chupa madaktari wa wodi kabla ya kumpa mgonjwa chochote.

Basi mtindi wa nyumbani je? (Wengi mmeuliza)

Kunyweni, ni chakula kizuri. Ila chemsheni maziwa kwanza, yapoe, ndipo mgandishe. Maziwa mabichi yanaweza kuwa na brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, na kuganda hakuwamalizi vijidudu vyake.