Mvua imenyesha, mbona chini ya mkwaju pakavu?
Ndugu, umeuliza kwa nini manyunyu ya jana hapo Chamwino hayakulowesha udongo chini ya mkwaju. Maji yamenaswa njiani. Majani na matawi hulowa kwanza, kisha majani makavu yaliyotandaa chini nayo hunyonya. Milimita 1 au 2 zinaweza kuishia hapo na kurudi hewani jua likitoka.

Lakini tafadhali usiyafagie majani hayo makavu! Mvua zetu za Dodoma ni chache na nyingi hushuka kwa kishindo. Ikinyesha kubwa, fukua kidogo: majani yameshikamana kama mkeka, chini udongo laini, unanukia. Palipofagiliwa, matone hupigapiga udongo mpaka unafanya ukoko, maji yanakimbilia korongoni. Watu wa Kondoa wanayajua sana hayo makorongo.