Yaya wa Sinema Anajibu: Kama Sony Ingenunua Mashujaa Wote

*Jambo yaya. Mimi ni mwanafunzi, ninakaa komini ya Kenya hapa Lubumbashi. Ninaandika kwenye daftari hadithi ya historia mbadala. Humo ndani, mwaka 1998 Sony inakubali kununua haki za filamu za mashujaa wote wa Marvel badala ya Spider-Man peke yake. Mwaka 2002 inatoka Spider-Man, 2003 Thor, 2004 Black Panther, na 2005 wote wanakutana katika filamu moja ya Avengers. Rafiki yangu ameisoma akasema haiwezekani, ila hakuweza kunieleza sababu. Wewe unaonaje? — Msomaji wa Kenya*

Mdogo wangu, rafiki yako amesema kweli, na sababu aliyoikosa nitakupa mimi. Lakini kwanza hongera kwa mahali ulipoikata historia, maana mwaka 1998 mlango ulikuwa wazi kabisa. Marvel, kampuni ya vitabu vya katuni, ilikuwa imefilisika mwishoni mwa 1996, na ilipokuwa ikijikwamua ilihitaji fedha za haraka. Mwandishi wa habari Ben Fritz ameeleza kwamba Sony ilipokwenda kutafuta haki za Spider-Man, Marvel iliwaambia wachukue karibu mashujaa wote waliobaki kwa dola milioni 25. Wakubwa wa Sony wakakataa. Walimtaka Spider-Man tu, wakampata kwa dola kama milioni 10 na ahadi ya sehemu ya mapato. Kwa hiyo hapo hukubuni kitu. Umegeuza “hapana” moja ikawa “ndiyo”, na mimi hadithi za namna hiyo ndizo ninazozipenda.

Shida inaanza ukurasa unaofuata. Umewapa wakubwa wa Sony wa 1998 akili ya mtu aliyekwisha kuona Avengers ya 2012. Wao hawakuiona. Wakati ule shujaa alikuwa na filamu yake, ikifanikiwa anapewa ya pili, kisha ya tatu, basi. Sasa mtazame Spider-Man wa 2002: siku tatu za kwanza Marekani alikusanya zaidi ya dola milioni 100, jambo ambalo hakuna filamu iliyowahi kulifanya kabla yake. Tajiri mwenye mali kama hiyo mkononi, kwa nini amfunge kamba moja na Thor, ambaye watu wengi wasiosoma vitabu vya katuni hawakumjua? Angefanya kile kile alichokifanya kweli: Spider-Man wa pili 2004, wa tatu 2007. Thor na wenzake wangelala kwenye droo.

Nawe utaniuliza: si wote wangekuwa nyumba moja, chini ya mwenye mali mmoja? Ndiyo, lakini kukaa nyumba moja hakutoshi. Studio ya Fox ilikuwa na X-Men, Daredevil na Fantastic Four, wote wa Marvel, kwa wakati mmoja. Ilitoa X-Men 2000, Daredevil 2003, Fantastic Four 2005, na mikononi mwake makundi hayo hayakuwahi kupeana hata salamu. Studio ya Warner nayo ilikuwa na Superman na Batman, mashujaa wa kampuni ya DC, miaka yote. Superman alitoka 1978, Batman 1989, na hao wawili hawakukutana katika filamu kubwa ya waigizaji mpaka 2016. Haki walikuwa nazo. Kilichokosekana ni kulazimika.

Marvel ndiyo iliyolazimika, na hapo ndipo ninapotaka uweke kalamu yako. Mwaka 2005, David Maisel wa Marvel aliongoza mpango wa mkopo kutoka benki ya Merrill Lynch: dola milioni 525, ili Marvel itengeneze filamu zake yenyewe, hadi 10. Rehani ilikuwa nini? Haki za filamu za mashujaa wenyewe. Captain America, Avengers, Nick Fury, Black Panther, Ant-Man, Doctor Strange na wengine wachache, wote waliwekwa mezani. Filamu zikianguka, benki inawachukua. Spider-Man hakuwamo, X-Men hawakuwamo, Hulk wa filamu alikuwa bado kwa studio ya Universal. Marvel ilikuwa sawa na familia iliyouza viwanja vyake vyote vya barabarani, ikabaki na vile vya nyuma vinavyopitiwa na njia moja. Shujaa asiyejulikana anahitaji kubebwa na mwenzake. Kwa hiyo Iron Man, ambaye haki zake zilirudi kutoka studio ya New Line mwaka huo huo wa 2005, alitoka Mei 2008, na baada ya majina ya watengenezaji akatokea Samuel L. Jackson kama Nick Fury, yule anayewakusanya Avengers, kumwambia kwamba yeye si shujaa pekee duniani. Mwezi uliofuata, Tony Stark, yaani Iron Man huyo huyo, akaonekana mwishoni mwa filamu ya Hulk. Ulimwengu mmoja ulizaliwa na umaskini ule, na ndiyo maana matajiri hawakuuzaa.

Sasa rudi kwenye daftari lako. Ukishikilia “ndiyo” ya 1998, Marvel ya 2005 inaingia benki mikono mitupu. Hakuna rehani, hakuna mkopo, hakuna studio. Iron Man anarudi kutoka New Line anakuta nyumba haina watu. Mwaka 2009 Disney haina sababu ya kutoa dola bilioni 4 hivi kununua kampuni iliyobaki na vitabu vya katuni na vidoli. Andika dunia hiyo bila kuipaka rangi. Inaweza kuwa na mambo mazuri pia: Sam Raimi, aliyeongoza Spider-Man, aliwahi kupeleka wazo la filamu ya Thor kwa Fox akiwa pamoja na Stan Lee, mwandishi wa Marvel, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakakataliwa. Katika historia yako Thor yuko Sony na Raimi yuko Sony. Hiyo filamu ningeilipia.

Na kama bado unataka mashujaa wakutane, watafutie mlango mwingine. Universal ilimkutanisha Frankenstein na mtu-mbwamwitu mwaka 1943. Toho ya Japani iliwakusanya Godzilla na mazimwi wenzake katika filamu moja mwaka 1968. Wazo lilikuwepo zamani, likingoja mtu mwenye shida ya kutosha. Mimi ningelipeleka Japani, lakini daftari ni lako.

Jambo la mwisho, nalo linaniuma: hadithi yako haina mtu hata mmoja wa hapa kwetu. Mimi nimekulia kwenye ukumbi wa video wa mjomba wangu kule Katuba. Majina yakianza kupanda tu, diski inatolewa, kwa sababu watu wa zamu inayofuata wamejaa mlangoni na jenereta inakunywa mafuta. Nick Fury wa 2008 hakuna aliyemwona pale. Avengers ilipofika, nusu ya ukumbi walikuwa wakiuliza huyu mzee wa jicho moja ni nani na kwa nini anatoa amri. Tena diski zilikuja bila mpangilio, Captain America wa pili akitangulia wa kwanza, zote kwa Kifaransa. Ulimwengu wa filamu zilizofungwa pamoja uliwatesa watazamaji wetu kwa namna ambayo mtu wa Los Angeles hawezi kuiwaza. Katika dunia yako mbadala, kila filamu inajitegemea, na kijana wa Katuba anayeingia siku yoyote anaelewa kila kitu. Hilo liandike, maana hakuna mwingine atakayeliandika.

*Yaya, salamu kutoka Ruashi. Wanangu wanabishana: je, Black Panther angeweza kutoka mapema, kabla ya 2018? Mkubwa anasema Hollywood isingekubali kabisa. — Mama wa watoto watatu*

Mama, mwambie mkubwa kwamba karibu ikubali. Wesley Snipes alitangaza mwaka 1992 kwamba anataka kumwigiza, na 1994 alikuwa katika mazungumzo na studio ya Columbia. Alizungumza hata na mwongozaji John Singleton. Filamu haikupatikana, na Snipes mwenyewe amesimulia kwamba watu walichanganya jina la shujaa na chama cha Black Panther cha Weusi wa Marekani. Akaenda kuigiza Blade, iliyotoka 1998 na kufanikiwa.

Sasa sikia jambo ambalo kijana wa Kenya hapo juu atalipenda: Columbia ni mali ya Sony tangu 1989. Kwa hiyo katika historia yake, mwaka 1998 Sony inampata Black Panther mwaka ule ule ambao Snipes anakuwa nyota wa filamu ya Marvel. Hapo ndipo filamu ya mapema inawezekana, hata kwa macho yangu makali. Ila kuna gharama. Tungeikosa ile ya Ryan Coogler, iliyovuka dola bilioni 1.3, pamoja na Lupita Nyong'o na wale wanawake walinzi wa mfalme. Mimi siibadilishi kwa chochote.

Waambie pia kwamba Black Panther alibuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966, mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika yenye madini ambayo dunia nzima inayataka. Sisi wa Katanga hatuhitaji kuelezwa maana yake. Urani ya mabomu ya atomiki ya 1945 kwa sehemu kubwa ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, ikasafirishwa na Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji. Wakanda waliifunga mipaka wakakaa na madini yao. Historia mbadala iliyo kubwa kuliko zote, kwangu mimi, ni Shinkolobwe yenye Wakanda ndani yake, na wanao wanaweza kuianza leo wakimuuliza babu yao alichosikia.

*Yaya, ni kweli kwamba DC nusura iwatangulie Marvel? — Fundi simu, Kamalondo*

Ni kweli. Mwongozaji George Miller wa Australia alikuwa amekwisha kuchagua waigizaji wa filamu ya Justice League, kundi la mashujaa wa DC. Mgomo wa waandishi wa Hollywood ulianza Novemba 2007 ukazuia kuirekebisha hadithi, kisha Australia ikakataa kuipa filamu punguzo la kodi ililotegemea. Ikafa 2008, mwaka ule ule wa Iron Man. Ingetoka, mashujaa wa DC wangekuwa wamekutana miaka kadhaa kabla ya Avengers. Lakini kumbuka kwamba Batman wa Christopher Nolan alikuwa sinema mwaka huo, na Miller alikuwa na Batman mwingine kabisa. Ukitaka kuiandika, anza na wakubwa wa Warner, Februari 2008, mgomo umekwisha, wanajiuliza kama watazamaji watakubali Batman wawili kwa wakati mmoja.