Jibu: Mnyama hajibadilishi, kinachobadilika ni kizazi

Ndugu yangu, umeuliza mnyama anajuaje kwamba inabidi abadilike ili aishi. Hajui, na wala habadiliki yeye mwenyewe.

Chukua tembo wa hifadhi ya Gorongosa, Msumbiji. Katika vita ya wenyewe kwa wenyewe, 1977 hadi 1992, waliuawa kwa ajili ya pembe na nyama. Zaidi ya asilimia 90 wakaangamia. Kabla ya hapo, majike wasio na pembe walikuwa kama mmoja kati ya watano. Mwindaji wa pembe aliwapita hao, wakabaki kuzaa. Vita ilipokwisha, karibu nusu ya majike waliosalia hawakuwa na pembe, na kwa majike waliozaliwa baadaye ni kama theluthi. Hakuna tembo aliyeng'oa zake kwa hofu! Tofauti ilikuwamo tayari kwenye jeni, yaani maelekezo ya mwili ambayo mtoto hurithi kwa wazazi; risasi zikachuja.

Kinachoniuma ni kwamba dume anayerithi jeni hiyo inaonekana hufa kabla ya kuzaliwa. Ndiyo maana wasio na pembe huko ni majike.

Hao bado si spishi mpya, yaani aina nyingine ya mnyama, lakini. Ili hilo litokee, makundi hutengana muda mrefu mno mpaka hayawezi tena kuzaliana.