"Hii Ikizingua, Inakuwaje?": Swali la Kumuuliza Muuza Spea za Kompyuta Kabla ya Bei

Tangu nianze kufungua na kufunga kompyuta za watu hapa Dar, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Fundi, niende duka gani Kariakoo?" Watu wanataka jina. Mtu akiwa mbele yangu nampa, lakini kuliandika hapa ni kazi bure. Fremu zinabadilika. Kodi ikipanda, yule jamaa wa Mtaa wa Aggrey uliyemzoea anahamia ghorofani huko nyuma, na kwenye fremu yake unamkuta muuza makava ya simu ambaye hajui hata mwenzake kaelekea wapi. Kwa hiyo nitakwambia ninachoangalia mimi nikiingia duka nisilolijua.

Naanza na swali, na naliuliza kabla ya bei: "Hii ikizingua, inakuwaje?" Muuzaji aliyezoea wateja wanaorudi hahitaji kufikiri. "Ndani ya wiki nakubadilishia hapahapa. Ikipita hapo naipeleka kwa aliyeniletea, utasubiri kidogo." Jibu hilo si tamu, ila lina muda, lina njia, na unajua mzigo umetoka kwa nani. Mwingine atakwambia, "Haiwezi kuzingua hiyo bosi wangu, OG kabisa." Umemuuliza atafanya nini, yeye anakusifia spea. Hapo huwa naaga. Diski halali kabisa, imetoka kiwandani juzi, nayo hufa, nyingine hata wiki haimalizi. Siku hiyo ndiyo utajua ulinunua kwa nani.

Linalofuata ni risiti. Kariakoo utatajiwa bei mbili, ya na risiti na ya bila risiti, na tofauti yake inashawishi kweli. Mashine za EFD, zile za risiti za kodi, tunazo tangu 2010, na ile kaulimbiu ya TRA, mamlaka ya mapato, "Ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti", kila mtu anaijua kwa moyo. Lakini mimi sidai risiti kwa ajili ya kodi tu. Bila karatasi, ile wiki uliyoahidiwa ni maneno ya hewani. Na ukishapewa, isome. Nyingi zimeandikwa "vifaa vya kompyuta", basi. Mwombe muuzaji aandike nyuma kwa kalamu jina kamili la spea na namba ya siriali, kisha agonge muhuri. Anayeandika bila kununa huwa ana uhakika na mzigo wake. Halafu skani ile QR ya kwenye risiti ikupeleke kwenye ukurasa wa TRA, uone biashara iliyoitoa ni ipi. Jina likiwa tofauti na la kwenye kibao cha duka, uliza kwa nini.

Hiyo namba ya siriali ina kazi nyingine. Seagate na Western Digital wana ukurasa ambapo unaiingiza na kuona waranti inaisha lini. Ukijibiwa kwamba diski iliuzwa kama sehemu ya mashine ya kampuni nyingine, mtengenezaji hatakuhudumia. Waranti uliyonayo ni ya duka peke yake. Si dhambi kuinunua, mradi bei ishuke ifanane na hali hiyo. Prosesa ni vilevile: ya Intel iliyo ndani ya boksi lake huja na waranti ya miaka 3 ya Intel wenyewe, ila ile ya trei, iliyofungwa kwa nailoni tu, unamtegemea aliyekuuzia.

Kisha kupima. Natembea na flashi yenye CrystalDiskInfo, CPU-Z na GPU-Z, programu ndogo za bure zinazosoma hali ya diski, prosesa na kadi ya grafiki. Nilimsindikiza kijana mmoja kununua SSD, ile diski ya kisasa isiyozunguka. Boksi limevalishwa nailoni inang'aa, stika safi, kila kitu mahali pake. Tukaomba ichomekwe kwenye mashine ya dukani. CrystalDiskInfo ikaonyesha imeshawashwa saa 11,000 na ushee. Mwaka mzima, usiku na mchana, una saa 8,760. Muuzaji akaitazama skrini, akalitazama lile boksi, akasema, "Hiyo programu inadanganya." Duka la jirani, SSD ya aina ileile, programu ileile: saa sifuri.

Tangu hapo nikiingia duka natafuta kwanza mashine ya kupimia, ile iliyokaa wazi juu ya kaunta, kifuniko hakuna, waya zinaning'inia. Duka lenye hiyo naliamini kuliko lenye vioo na taa za bluu. Ila usiende Jumamosi mchana. Hata muuzaji mwema hana nafasi ya kukuchomekea diski wakati watu kumi wanamwita. Nenda siku ya kazi asubuhi, wakati bado anapanga bidhaa.

Kuna vitu havipimiki kaunta. Zile SSD za nje zinazojiita terabaiti 16 kwa bei ya kutupa, zilizofunguliwa zimekutwa na vikadi vya kumbukumbu vya simu vilivyogandishwa kwa gundi. Kompyuta inasoma terabaiti 16 kwa sababu chipu ya ndani imewekewa uongo huo; ukijaza nafasi ya kweli, mafaili mapya yanaandikwa juu ya ya zamani. Programu ya H2testw inaziumbua, inajaza diski hadi mwisho na kuisoma upya, lakini inachukua masaa mengi, hata siku kadhaa. Hiyo anza nyumbani usiku uleule, ukiwa bado ndani ya wiki yako.

Pawa saplai haihitaji programu, inahitaji macho. Ubavuni imeandikwa 500W kwa herufi kubwa. Achana na hizo, soma jedwali dogo la chini, safu ya +12V, maana hiyo ndiyo inayolisha prosesa na kadi ya grafiki. Ukikuta 16A, yaani ampea 16, zidisha: 12 mara 16 ni 192. Umenunua wati 192 za maana, nyingine ni mapambo. Ya kweli ya wati 500 za kisasa utaikuta karibu na ampea 40 kwenye safu hiyo. Inyanyue pia, ikiwa nyepesi kupita kiasi, ndani hamna shaba ya kutosha wala vipoza joto. Kwa umeme wetu huu unaokatika na kurudi kwa kishindo, pawa saplai mbovu haifi peke yake, inaondoka na mazabodi. Kuna muuzaji mmoja nilimwonyesha lile jedwali, nikitegemea ubishi. Akachukua kikokotoo, akapiga hesabu mwenyewe, akasema, "Hii peleka kwenye mashine ya ofisi, usiweke kadi ya grafiki." Akaikosa biashara ya siku ile. Hadi leo wateja wangu nawapeleka kwake.

Kadi za grafiki zina mambo yake. Septemba 2022 sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoachana na uchimbaji, ule wa kutafuta sarafu kwa kadi za grafiki, kadi zilizokuwa zinachemka usiku kucha zikamwagwa sokoni dunia nzima. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu, ila uuziwe kama mtumba, kwa bei ya mtumba. Nyingine ni za zamani zilizobadilishwa jina, GTS 450 ya enzi hizo inajitambulisha kama GTX 1050 Ti. GPU-Z ikiikamata inaandika FAKE mbele ya jina, na muuzaji anaweza kusoma hilo mwenyewe. RAM nitapita haraka: bei zimepanda tangu mwishoni mwa 2025, viwanda vimegeukia seva za akili mnemba. Ukiikuta ya bei ya zamani, kuna sababu.

Halafu kuna winga. Umesimama Msimbazi unaangaza macho, kijana anakujia: "Kaka, unatafuta nini? Twende dukani kwangu." Duka si lake. Anakupeleka kwa mtu, anaweka chake juu, anapotea. Sina ugomvi na mawinga. Ni riziki yao, na wengi wanajua mzigo uko wapi kunishinda mimi. Shida inakuja siku ya kurudisha, mwenye duka anapokwambia yeye alimuuzia winga, wewe hakujui. Ukienda na winga, pesa mpe mwenye duka na risiti itoke kwa mwenye duka.

Wauzaji wa Instagram nawapima kwa Lipa Namba. Ukiiingiza, simu inakutajia jina kabla hujaweka namba ya siri. Likiwa la duka, endelea. Ukiambiwa "tuma tu kwenye namba hii ya dada wa ofisini, Lipa Namba inasumbua leo", mwambie utasubiri iache kusumbua. Omba na video fupi: spea mkononi, siriali inasomeka, karatasi yenye tarehe ya leo pembeni. Mwenye mzigo anairekodi dakika hiyohiyo. Mwenye picha za kuazima anaanza stori za stoo kufungwa. Na wewe uliye Mbeya au Mwanza unayetumiwa kwa basi, kubalianeni kwa maandishi kwamba siku za kubadilisha zinahesabiwa tangu mzigo ufike, si tangu upakiwe Dar.

Usidhani duka kubwa ni kinga. Januari 2025 tovuti ya Heise ya Ujerumani ilifichua kwamba diski za Seagate Exos zilizouzwa kama mpya zilikuwa zimeshatumika maelfu ya saa, na baadhi zilitoka kwenye maduka yanayoheshimika. Waliozichezea walirudisha kihesabu cha SMART, kile cha saa ambacho CrystalDiskInfo inakisoma, hadi sifuri, lakini ndani kulikuwa na kumbukumbu nyingine ya Seagate, iitwayo FARM, ambayo haikuguswa. Diski nyingi zilihusishwa na mashamba ya Chia, sarafu ya kidijitali inayochimbwa kwa diski. Maduka hayo nayo yalikuwa yamepigwa na waliowaletea mzigo, kama mteja tu. Mjerumani aliyenunua mtandaoni ana siku 14 za kurudisha bila kujieleza. Sisi tuna ile ahadi ya wiki na ile karatasi yenye muhuri. Tume ya Ushindani, FCC, inashughulikia bidhaa bandia na haki za mlaji, nami nawashauri watu wapeleke malalamiko, lakini usiende mikono mitupu. Beba risiti na picha ya skrini uliyopiga siku ya kupima.

Na wanaotaka kuagiza Dubai kupitia mtu wa kilo, anayekuletea mzigo kwa kutoza kwa uzito: bei inaweza kushuka kweli, ila duka lako linabaki ng'ambo ya bahari. Mimi naagiza vitu visivyokufa ovyo, prosesa, kesi, feni. Diski na pawa saplai nanunua hapa, kwa mtu ninayeweza kumfikia kwa daladala.