Jibu: Bunduki ya kale isiyo na alama, tundu la mtutu milimita 11

Umeuliza jinsi ya kutambua bunduki yako ya kale isiyo na alama, pamoja na kaliba yake (ukubwa wa risasi inayoifaa). Kabla ya lolote, hakikisha chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi) haina risasi. Kwa kuwa umeeleza kwamba bunduki yako ni ya komeo (kipande kinachosogezwa kwa mkono kufungua na kufunga chemba), hupakiwa risasi moja moja na tundu lake lina takriban milimita 11, naikadiria kuwa ya miaka ya 1870, ingawa kipimo hicho pekee hakitoshi, maana Mauser ya Ujerumani ya 1871, Gras ya Ufaransa ya 1874 na Beaumont ya Uholanzi ya 1871 zote ni za milimita 11 lakini kila moja hutumia risasi ya aina yake. Tazama komeo lenyewe: Mauser ina kilinda usalama cha kugeuza nyuma yake, Gras haina, na Beaumont ina mpini mnene wenye springi iliyofichwa ndani (ubunifu wa ajabu kidogo). Huenda pia kuna alama zilizojificha chini ya mtutu, ndani ya ubao unaoushikilia.

Kuhusu kaliba, fundi bunduki amimine ndani ya chemba salfa au aloi (mchanganyiko wa metali) inayoyeyuka kwa joto dogo, ikigande na kuchukua umbo la chemba, kisha aitoe na kupima urefu na vipenyo vyake. Usiifyatue kwa risasi za kisasa, kwani iliundwa kwa baruti nyeusi.