Mwandishi Akija Maktabani

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu msimamizi wa maktaba katika shule ya sekondari ya kata. Mwaka jana mwandishi tuliyemwalika alihutubia wanafunzi 400 bwaloni, nao wakasinzia. Tufanyeje Aprili 23, Siku ya Vitabu Duniani?

JIBU: Mwalimu, kosa halikuwa la mgeni. Chagua kidato kimoja, ukigawie nakala za kitabu cha mgeni wiki tatu kabla, hata kama wanne watasoma moja kwa zamu, na kila mmoja aandike swali lake, kwa maana mwandishi anayeulizwa kwa nini alimuua mhusika fulani huzungumza tofauti kabisa na anayeombwa nasaha. Mgeni asome kurasa mbili tu. Ya tatu asome mwanafunzi. Nauli na bahasha yake (wengi huona haya kulitaja hili) mkubaliane mapema.